Mashine Ikikataa Kuwaka: Ufundi Uwe Mali ya Wafanyakazi



Pengine yuko atakayeuliza mashine ya boti inaingiaje katika gazeti la chama cha wafanyakazi. Jibu ni fupi. Sangara anayepasuliwa katika viwanda vya minofu vya Jinja na Entebbe hakuja kwa miguu. Aliletwa pwani na boti, na boti ililetwa na mashine iliyofungwa nyuma yake. Mashine ikilala, samaki hafiki. Samaki asipofika, kibarua wa siku husimama langoni mpaka jua linapanda, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu.

Tazameni pia wenzetu wa mashamba ya michikichi katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala. Kipo kivuko kati ya Bukakata na Luku, nasi tunakishukuru. Lakini wilaya hiyo ina visiwa 84, na vingi havifikiwi na kivuko. Huko, mgonjwa, mama mjamzito, gunia la unga na mfanyakazi anayerudi kutoka likizo wote hupanda boti ya mbao yenye mashine, na mara nyingi mashine hiyo ni kuukuu. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na upepo wake hauna adabu. Mashine ikizima katikati ya maji wakati mawimbi yanaanza, hilo si jambo la biashara tena. Ni jambo la roho za watu.

Kwa hiyo natoa maoni yangu wazi. Kikundi chochote cha wafanyakazi chenye boti, kabla hakijatoa akiba yake kununua mashine mpya, kwanza kitoe fedha kwa mambo matatu: sanduku la vyombo vya kazi, vipuri vidogo vya akiba, na mafunzo ya wanachama wake wenyewe. Ufundi wa mashine usiwe siri ya mtu mmoja. Uwe mali ya wafanyakazi wote.

MASHINE HAINA UCHAWI

Mashine nyingi za zamani zilizo katika maziwa yetu ni zile za mapigo mawili, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Zimeundwa kwa njia nyepesi. Ili iwake, mashine ya namna hiyo inadai mambo matatu tu: mafuta yafike, plagi itoe moto, na pistoni ikandamize kwa nguvu. Ikishawaka, inadai jambo la nne: maji ya kuipoza. Ikikataa kuwaka, basi moja ya yale matatu limekosekana. Kazi ya fundi ni kuuliza lipi, kwa utaratibu, bila kufungua kila skrubu anayoiona.

Kosa kubwa pwani ni kuvuta kamba mara hamsini kwa hasira. Kamba hukatika, mkono huvimba, na mashine hulewa petroli. Anayejua huvuta mara tano au sita, kisha husimama na kuanza kutafuta.

Kabla ya lolote, tazama ile kamba fupi ya usalama inayofungwa mkononi mwa nahodha. Kibanio chake kikiwa kimechomoka, mashine haitatoa moto hata ukivuta mpaka jioni. Tazama pia kama gia iko katikati. Ni mambo madogo, lakini kuna mashine hupelekwa kwa fundi, na fundi hulipwa, kwa sababu ya kibanio tu.

Baada ya hapo, anza na mafuta. Je, skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi imefunguliwa? Ikifungwa, mashine itakwenda vizuri dakika chache, kisha itazima. Ukingoja kidogo itawaka tena, na baadaye kidogo itazima tena. Wengi hufikiri mashine imechoka, kumbe tangi linakosa pumzi. Je, ile pampu ya mpira ya mkononi inakuwa ngumu unapoiminya? Ikibaki laini daima, basi mpira wa mafuta umepasuka, kiungo kimelegea na kuvuta hewa, au tangi ni tupu. Je, petroli ni safi? Itie katika chupa ya kioo na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na utaona mstari kati yao. Petroli iliyonunuliwa katika majerikeni na kukaa juani miezi kadhaa nayo haifai.

Kisha fungua plagi na uisome, kwa maana plagi ni barua kutoka ndani ya mashine. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi, au umezidisha choki. Ikiwa nyeusi na yenye oili, mchanganyiko una oili nyingi au mashine inakwenda polepole mno kwa muda mrefu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mashine inaungua kwa joto, nayo ni dalili ya hatari. Ikiwa ya rangi ya kahawia, mashine ina afya.

Ili kujua kama kuna moto, rudisha plagi katika kofia yake ukiwa umeitoa kwenye mashine, chuma chake kiguse mwili wa mashine, kisha mwenzako avute kamba. Kwanza futa petroli yote iliyomwagika, ziba tundu la plagi kwa kitambaa, wala usishike plagi kwa kidole. Cheche ikiwa ya bluu na ya nguvu, moto upo. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, jaribu plagi mpya kwanza, maana ndiyo rahisi kuliko vyote. Ikishindikana, fuata waya mpaka mwisho wake utafute palipochunika au penye kutu. Katika mashine za zamani sana, chini ya gurudumu la juu kuna pointi, yaani vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Vikiwa vichafu, moto hupotea. Husafishwa kwa karatasi safi, na nafasi kati yao katika mashine nyingi za namna hiyo ni karibu nusu milimita. Kitabu cha mashine ndicho kiamuzi.

Jambo la tatu ni nguvu ya pistoni. Ukiwa umeondoa kibanio cha usalama na plagi zote, ziba tundu la plagi kwa dole gumba na mwenzako avute kamba. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Ikiwa mashine ina pistoni mbili, zote zisukume sawa. Moja ikipumua kama mgonjwa, hapo ringi zimekwisha au gasketi imeungua, na kazi hiyo ni kubwa zaidi.

Ikiwa moto upo na nguvu ipo lakini plagi ni kavu, kabureta imeziba. Ifungue juu ya kitambaa cheupe ili sehemu ndogo zisipotee. Osha kwa petroli na upulize yale matundu madogo. Usiyachokoe kwa waya. Tundu likitanuka hata kidogo, mashine itakunywa petroli kupita kiasi siku zake zote.

MASHINE INAYOWAKA LAKINI INAJIUA

Mashine iliyokataa kuwaka ni hasara ya siku moja. Mashine inayowaka huku inajiua ni hasara ya akiba ya mwaka mzima. Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapoibiwa na kutojua.

Kwanza, oili. Mashine ya mapigo mawili haina oili nyingine ndani yake isipokuwa ile uliyoichanganya na petroli. Kwa mashine nyingi kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Maana yake, jerikeni la lita 20 hutiwa mililita 400 za oili. Mashine mpya au iliyofungwa pistoni mpya mara nyingi hutakiwa kupewa mara mbili ya hapo, yaani mililita 800, kwa saa zake za kwanza. Yule anayepunguza oili ili abakishe shilingi mbili anainunulia mashine jeneza, kwa kuwa pistoni hukauka na kukwama. Na oili iwe ile ya mashine za boti za mapigo mawili. Oili ya lori siyo. Kikundi kiwe na chupa moja iliyotiwa alama ya msumari kwenye mililita 400, na kila mtu apime kwa chupa hiyo. Kupima kwa macho kukomeshwe.

Pili, maji ya kupoza. Mashine inapokwenda, kijito cha maji hutoka nyuma yake. Nahodha sharti akitazame daima kama dereva wa lori anavyotazama barabara. Kikikoma, zima mashine mara moja. Pengine mfuko wa plastiki, tope au gugumaji limeziba mahali pa kuvutia maji, au tundu la kutolea limeziba na linahitaji kuzibuliwa tu. Ikiwa yote ni safi, basi lile gurudumu la mpira ndani ya pampu limechakaa. Kipuri hicho ni kidogo, kinaenea katika kiganja, lakini kikifa huua mashine nzima. Ndiyo maana hairuhusiwi kabisa kuwasha mashine nchi kavu kwa kujaribu. Mpira huo hulainishwa na maji yenyewe, na ukizunguka mkavu huungua upesi sana. Anayetaka kujaribu mashine atie mguu wake ndani ya pipa la maji.

Tatu, oili ya gia, iliyo chini kwenye mguu wa mashine. Fungua skrubu ya chini utazame. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mpira wa kuzuia maji hauna budi kubadilishwa kabla gia hazijaliwa na kutu. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Nne, pangaboi. Mashine ikilia kwa nguvu lakini boti haiendi, usilaumu gia upesi. Katika mashine ndogo nyingi kuna pini laini inayokatika pangaboi linapogonga jiwe. Imewekwa ikatike ili gia zipone. Atakayepachika msumari wa chuma kigumu mahali pa pini ile atakuwa ameondoa kinga, na safari ijayo jiwe litavunja gia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni pini, na ukuta ni sanduku zima la gia.

KWA NINI TUJIFUNZE SISI WENYEWE

Nawasikia wenye shaka. Wa kwanza anasema: "Sisi ni watu wa kiwanda na shamba, mafundi wapo." Kweli, mafundi wapo, na hatusemi wanyang'anywe riziki yao. Kazi ya kuchonga silinda au kubadilisha ringi wapewe wao. Lakini fundi yuko bandarini, na mashine huzima ziwani. Tena anayekwenda kwa fundi bila kujua lolote hulipa chochote atakachotajiwa. Anayekwenda na kusema, "Plagi inatoa moto, mafuta yanafika, lakini silinda ya chini haisukumi," huyo hadanganywi. Mwenzetu anayeendesha mashine ya kukata minofu au kinu cha kukamua mawese hutambua kwa sikio tu mashine yake inapougua. Anashindwaje kuijua ya boti?

Wa pili anasema: "Mashine kuukuu hula petroli na kuchafua maji, afadhali tununue mpya." Hapa ana sehemu ya haki, wala tusimbishie kwa ubishi. Mashine ya mapigo mawili yenye kabureta hutupa majini sehemu ya petroli na oili bila kuichoma, na mashine za mapigo manne hutumia mafuta machache zaidi. Siku akiba ikiruhusu, kikundi kibadilishe. Lakini asiyeweza kutunza mashine nyepesi ataua ile ya gharama kwa haraka zaidi. Na mashine nyingi za siku hizi zina vyombo vya umeme ambavyo havisemi neno mpaka viunganishwe na kompyuta ya wakala. Kununua mashine hiyo bila ujuzi ni kujifunga kwa muuzaji maisha yote.

Tukumbuke pia kwamba kampuni huja na kwenda. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza mashine zake za boti mwaka 1909, na jina lake likaenea maziwa na bahari zote. Mwezi wa Mei 2020 wenye kampuni walitangaza kwamba hawatengenezi tena mashine za Evinrude. Uamuzi ulitoka mbali, na hakuna mvuvi aliyeulizwa. Mashine zilibaki mikononi mwa watu. Kampuni inaweza kufunga milango, lakini ujuzi ulio kichwani mwa mfanyakazi haufungwi na mkurugenzi yeyote.

BOTI YA MWAJIRI

Iko sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa. Si kila boti ni yetu. Mahali pengine wafanyakazi husafirishwa kwenda kazini na boti ya mwajiri au ya mtu aliyekodiwa naye. Boti hiyo ni sehemu ya mahali pa kazi. Kuitunza ni wajibu wa mwajiri, na gharama yake isikatwe katika mshahara wa mtu wala isifanywe kazi ya bure ya jioni. Nikisema tujifunze ufundi, sisemi tumfanyie mwajiri kazi yake. Nasema tujue kuikagua kazi aliyoifanya.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu za maana za kuamini kuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, akingwe na adhabu zisizostahili. Mwaka 2022 mkutano wa shirika hilo uliuweka mkataba huu miongoni mwa mikataba ya msingi. Lakini tazameni maneno yale: sababu za maana. Mfanyakazi anayesema "naogopa tu" huitwa mwoga na mvivu. Mfanyakazi anayesema, "Mashine hii haitoi maji ya kupoza, oili ya gia ni nyeupe, hakuna pini ya akiba wala makasia, na majaketi ya kuokolea ni matano kwa watu kumi na wawili," huyo ana sababu ya maana, na mwakilishi wa tawi anaweza kusimama naye mbele ya meneja na mbele ya mkaguzi wa kazi. Ujuzi wa ufundi unageuka kuwa silaha ya kudai haki.

Na tuseme ukweli pia juu ya mipaka. Mashine yenye mwili uliopasuka, au inayozima kila safari bila sababu kujulikana, isipakie watu mpaka itengenezwe, hata kama ni mali yetu na hata kama siku hiyo ni ya soko. Ufundi wa kweli ni pamoja na kujua kusema: leo boti hii haiondoki.

TUFANYE NINI

Napendekeza matawi na vikundi vyenye boti vijadili mambo haya katika mikutano yao ijayo:

1. Sanduku la vyombo. Spana ya plagi, spana za kawaida, bisibisi mbili, koleo, kisu, waya, kitambaa safi na tochi. Lifungwe, na ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana.

2. Vipuri vya akiba. Plagi mbili, pini za pangaboi, gurudumu la mpira la pampu ya maji, kamba ya kuwashia, pampu ya mkono na vipande vya mpira wa mafuta. Kabla ya kununua, andikeni namba iliyo kwenye kibati cha mashine, ili msiuziwe kipuri cha mashine nyingine. Vipuri bandia ni vingi. Linganisheni na kile cha zamani kabla ya kulipa.

3. Watu watatu, wala si mmoja. Kikundi kikimtegemea fundi mmoja, siku akihama au akiugua ujuzi umehama naye. Watatu wajifunze pamoja, na angalau mmoja awe mwanamke, maana wanawake ndio wengi wanaosafiri na watoto na mizigo ya soko.

4. Daftari la mashine. Kila safari iandikwe: saa za kwenda, petroli na oili iliyotiwa, hitilafu iliyoonekana, kipuri kilichobadilishwa. Daftari hilo litamaliza ugomvi wa nani aliharibu, na litaonyesha wazi lini mashine inagharimu zaidi kuliko thamani yake.

5. Makasia na majaketi ya kuokolea, kwa kila boti na kwa kila safari. Hakuna fundi anayeweza kuapa kwamba mashine haitazima.

Mambo haya matano hayangoji mfadhili wala mtaalamu kutoka mbali. Yanangoja uamuzi wa mkutano na mchango mdogo wa kila mwanachama. Plagi moja na pini moja hununuliwa kwa fedha ambayo kila kikundi kinayo. Mashine mpya hununuliwa kwa fedha ambayo wengi hawana, na wakikopa watailipa kwa jasho la miaka.

Tulifundishwa kutumia mashine za wengine na kulipwa kwa saa. Hatukufundishwa kuzifungua na kuzielewa. Hilo lisiendelee katika boti tulizozinunua kwa akiba yetu. Mwanachama aliye na ujuzi awafundishe wenzake wawili, na wawili hao wafundishe wengine. Anayejua na kuficha anadhoofisha wenzake, na siku moja atakuwa ndani ya boti ileile, ziwani, usiku, mashine imezima na hakuna mwingine anayeweza kumsaidia.

Umoja ni nguvu, na nguvu bila ujuzi haifiki ng'ambo.